Karafuu za Mzee Mwikwabe

Muuguzi Dafroza hakuwa na gari, hakuwa na umeme, hakuwa na mashine ya kupimia damu, na katika kabati la zahanati yake kule Kiriba hakuwa na dripu ila chupa moja. Mwaka ule wa 1984 hata sabuni ilitafutwa kwa tochi. Alichokuwa nacho ni macho, masikio na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Asubuhi moja Robi alimleta mumewe, Mwikwabe, mzee wa kanisa mwenye kifua kama ngoma. Aliketi amejikunja, jasho likimtiririka.

"Ni chango tu," alisema. "Nipe kidonge niende shambani."

Robi alifunua sufuria ya supu iliyoelea mafuta. "Kila akitapika namwongezea, apate nguvu."

"Funika, mama. Asitie kitu mdomoni, hata maji." Dafroza aligusa tumbo la Mwikwabe juu ya kitovu; lilikuwa limekaza kama ubao. "Panauma?"

"Siku ya jando sikupepesa jicho, Sista, sembuse leo."

"Kisu cha jando kilikuwa nje, mzee. Hiki kiko ndani. Maumivu yanapenya hadi mgongoni? Ukilala chali yanazidi?"

Mwikwabe alitikisa kichwa kukubali.

"Unakunywa gongo?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Sikuuliza cheo. Nikitibu uongo wako, nitakuzika wewe."

Robi alimgeukia mumewe. "Baba Gati, karafuu unazotafuna kila jioni si za chai, ni za kuua harufu. Sema."

Mwikwabe alitazama sakafu. "Kila siku," alisema. "Mwaka wa tatu sasa. Na maumivu haya si ya kwanza."

Hayo yalimtosha Dafroza. Alishuku kongosho, kiungo kinacholala nyuma ya tumbo la chakula, kwamba limevimba na kuwaka. Alimtundikia ile dripu moja, akaandika yote aliyoambiwa, kisha akasimama katikati ya barabara mbele ya lori la pamba.

"Sina nafasi," dereva alisema.

"Basi nikanyage."

Lori liliwapeleka Musoma, Robi ameinua chupa juu njia nzima. Daktari alisoma karatasi, akampima, akakubaliana nayo. Siku sita Mwikwabe aliishi kwa dripu na sindano za maumivu, bila tonge. Siku ya saba alipewa uji mwepesi pamoja na onyo: gongo basi, maisha yake yote.

Aliomba karatasi kabla hajamaliza uji. Alimwandikia mdogo wake, Stanislausi wa Manyamanyama, kule Bunda: "Nawe hujikunja ukishakunywa, ukasema ni chango. Mimi nilimficha mke, nikamficha mchungaji, nusura nizikwe na siri yangu. Nenda hospitali, useme yote."

Gundi haikupatikana mjini, hivyo Robi alibandika bahasha kwa uji uliobaki kikombeni. Mwikwabe aliibonyeza kwa gumba hadi ikashika, naye Robi akaipeleka kwa kondakta wa basi la Bunda. Mgongoni mwa bahasha Mwikwabe alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, ili Stanislausi asiweze kusema hakuziona: Mficha maradhi, kilio humfichua.