Tumbo la Siwema Siku ya Mtama Mpya

Paukwa!
Pakawa!
Mmeitikia kama watu waliokosa uji. Paukwaaa!
Pakawaaa!
Haya, sasa nawatambua.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Mtama mpya haukuliwa hivihivi. Kwanza kijana mmoja asimame uwanjani, ayaite majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine. Akimaliza, watu wanakula. Asipomaliza, watu wanameza mate.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Siwema. Majina aliyajua yote. Akipalilia aliyaimba, akitwanga aliyaimba. Lakini akipelekwa uwanjani kufanya mazoezi, tumbo, nguru! Nguru! Linamsokota mpaka anakaa chini.

Mama yake akasema, "Ni maharage." Wakamnyima maharage. Nguru! Shangazi akasema, "Ni maziwa." Wakamnyima maziwa. Nguru, nguru! Wakamnywesha mizizi michungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Mwishowe kaka yake akasema, "Anajidai huyo. Zamu apewe mwingine." Siwema akalia kwa uchungu, maana zamu ile aliitaka kuliko kitu chochote.

Hapo akaja Bibi Namtuli, mfinyanzi wa vyungu, mikono imejaa udongo.

"Mjukuu wangu, linakuuma shambani?"

"Hapana, bibi."

"Kwenye kinu?"

"Hapana."

"Uwanjani je?"

Tumbo likajibu lenyewe. Nguru!

Bibi akawageukia watu. "Maharage mmeyasingizia bure. Na mtoto hajidai, linauma kweli. Ni hofu hiyo, imeshukia tumboni."

Akawaita uwanjani wote waliowahi kuyaita majina. "Semeni kweli. Siku yenu, matumbo yalikuwaje?"

Wakatazamana. Mzee Kitunda, mpiga ngoma mwenye sauti ya kutisha watoto, akakohoa. "Mimi nilikimbilia kichakani mara tatu."

"Mimi nilitapika nyuma ya ghala," akasema mwingine.

Mama yake Siwema akainamisha kichwa. "Mimi sikula siku mbili. Nikasingizia jino."

Kha kha kha! Uwanja mzima ukacheka, na Siwema naye akacheka machozi yakiwa bado shavuni.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu, mwanangu."

Siku ikafika. Siwema akasimama. Nguru! Akaweka kiganja tumboni, akavuta pumzi taratibu kama Bibi alivyomfundisha. "Nimekusikia," akaliambia tumbo. "Twende wote." Jina la kwanza likatoka likitetemeka. La pili vilevile. La tatu likatoka sawasawa, na mengine yakafuata mpaka la mwisho. Vyungu vikafunuliwa, watu wakala wakavimbiwa. Siwema alikula maharage mabakuli mawili.

Miaka ikapita. Bibi Namtuli akafariki, na jina lake likawekwa mwisho wa majina yote. Zamu ikamfikia binti wa Siwema.

"Mama, tumbo linaniuma."

Siwema hakwenda kuchimba mizizi. Akamkalisha karibu. "Hata langu liliuma, mwanangu. Njoo nikwambie habari za Bibi Namtuli."

Basi, wakubwa wenzangu, mtoto akishika tumbo msimwite mwongo. Muulizeni anaogopa nini, kisha mwambieni nanyi mliogopa. Hadithi yangu imekomea hapo. Na wewe unayeshika tumbo kule nyuma, kama ni njaa, uji uko jikoni.