Lenzi ya Mume wa Bi Nunuu

Haya, sogeeni karibu, na mwenye kutafuna karanga atafune taratibu, maana leo hukumu itatoka kwenu.

Tanga kulikuwa na marafiki watatu waliokusanya kamera za zamani, zile ambazo ukichungulia kidirishani unaona picha mbili za kitu kimoja, nawe unazungusha lenzi mpaka zikutane ziwe moja. Sefu alijaliwa mdomo: angeweza kumbembeleza bahili yeyote afungue sanduku lake. Zuwena alijaliwa jicho: mletee lenzi mbili unazodhani ni pacha, atakwambia ipi ilitangulia kutengenezwa. Mhando alijaliwa mikono, na niwaambie mapema, hakuwa mtu wa kujishusha. "Kamera ikinishinda mimi," alikuwa akisema, "ichimbieni kaburi."

Siku moja wakaitwa na Bi Nunuu, mjane wa mpiga picha wa mtaa. Akawawekea mezani kamera ya marehemu, haina lenzi, tundu wazi.

"Nataka niione kama alivyoiacha mume wangu, na lenzi yake mwenyewe," akasema. "Mkiweza, mmoja wenu aichukue. Mmoja tu. Nikiwapa watatu, najua itaishia kabatini."

Mhando akaisogelea meza. Kamera hiyo ndiyo iliyompiga picha yake ya kwanza, akiwa begani kwa baba yake, na tangu hapo hakuacha kuitamani.

Sefu akaingia mitaani. Akauliza, akatania, akanywa kahawa na watu asiowajua, hadi akafika kwa fundi cherehani aliyekuwa na lenzi mbili za marehemu, akizitumia kukuzia tundu la sindano. Fundi hakutaka kuachia hata moja. Sefu akambembeleza mpaka mzee wa watu akacheka. "Basi chukua moja. Nyingine niachie, ndiyo macho yangu."

Lakini ipi? Jina moja, ukubwa mmoja, hata michubuko ilifanana. Zuwena hakuanza na lenzi. Alikwenda ukutani kwa Bi Nunuu, penye picha ya harusi aliyoipiga marehemu kwa kamera hiyo hiyo, akatazama taa zilizofifia nyuma ya bibi harusi. Kila taa ilikuwa na pembe sita. Kisha akaenda kwa fundi, akachungulia vile vibati vya ndani vinavyobana mwanga. Lenzi moja ilikuwa na vibati vingi, tundu lake karibu duara. Nyingine ilikuwa na sita tu, tundu lake lina pembe sita kama zile taa. "Hii," akasema, wala hakumuuliza mtu.

Kazi ikamfikia Mhando. Ndani ya lenzi mlikuwa na kuvu, na kioo kilikuwa na rangi ya asali. Alikwishashika kitambaa aifute ile asali, akidhani ni uchafu wa miaka, kisha akasita. Akaigeuza kwenye mwanga, ikang'aa sawasawa kila upande. Kumbe kiwandani ndivyo walivyoipaka, angeisugua, angeiharibu. Akatoa kuvu, asali akaiacha. Alipoifunga kwenye kamera, kidirishani picha zilikutana vizuri, lakini kwenye filamu zikatoka na ukungu. Akachonga pete nyembamba ya shaba, akaiweka chini ya lenzi ili isogee mbali kidogo na filamu, akajaribu, akaipunguza, mpaka sharubu za paka wa jirani zikaonekana moja moja.

Bi Nunuu akachungulia, akamlenga Zuwena, akazungusha. Machozi yakamtoka. "Kumbe ndivyo alivyokuwa akiniona!"

"Bila mimi mngebaki na tundu," Sefu akaanza.

"Bila mimi mngeleta lenzi siyo," akasema Zuwena.

"Na bila mimi mngekuwa na pambo," akamalizia Mhando.

Bi Nunuu akamwekea Mhando kamera mikononi. Mhando akatabasamu.

"Usifurahi bado, mwanangu. Sijakupa. Nimekufanya hakimu. Mpe anayestahili, hata kama ni wewe."

Tabasamu likamtoka. Aliitaka, Mungu anajua alivyoitaka. Akamtazama Sefu, akamtazama Zuwena, na wote wawili walikuwa wamenyoosha mikono.

Nami namwacha hapo hapo, wala simsaidii. Je, wewe uliyenyamaza hapo, ungekuwa Mhando, ungemkabidhi nani?