Nadhiri ya Uso wa Mwajabu

Mwenye sikio alilete karibu, mwenye jibu alifiche kwanza. Nasimulia huku nasuka, na nikinyamaza msidhani nalia. Kulia niliacha zamani. Kisa hiki nakisema tu, kama mtu anayetaja bei ya unga.

Walikuwapo wanawake watatu hapa Tanga. Bi Mize alikuwa na pua: angekwambia juzi ulipika nini. Saumu alikuwa na roho ngumu: akishaamua, hata mama yake hakumrudisha nyuma. Daktari Namsifu, Mpare wa hospitali ya serikali, alikuwa na vidole vyepesi. Wa nne ni mimi, mwenye saluni hii, na kipaji changu kilikuwa kuchanganya mkorogo wa kung'arisha ngozi. Msinitazame hivyo. Kopo lilikuwa elfu saba, na mlinunua.

Mwajabu, mdogo wake Saumu, alinunua makopo mawili kabla ya kuolewa na Hatibu. Alikuwa mweusi wa kupendeza, lakini mawifi walisema picha za harusi hazitatoka. Wiki ya tatu akawa mweupe kama ndizi iliyomenywa. Watu wakamsifu, nami nikauza makopo mengine kwa sifa yake. Wiki ya sita uso ukaanza kuwaka moto. Akapaka poda juu yake, akanyamaza.

Bi Mize, shangazi yao, ndiye aliyekuwa somo wake. Kwetu bi harusi huwekwa ndani, somo akamsugua singo ya liwa na karafuu siku saba mpaka ang'ae. Siku ya kwanza Bi Mize alichota singo, akainama, akanusa shavu. Mkono ukarudi bakulini.

"Mwanangu, umepaka nini?"

"Sijapaka kitu, shangazi."

"Pua yangu haijazeeka. Nikikusugua hapa, ngozi itabaki kiganjani mwangu."

Akamwaga singo, akatupa kopo chooni, akaenda mwenyewe kwa kina Hatibu kuvunja siku ya harusi. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Mji mzima ukasema ana husuda na binti wa kaka yake, na mpaka leo wapo wasiomwalika shughulini.

Poda ilipofutwa, mashavu yalikuwa mabichi, na madoa meusi kama sufuria iliyoungua. Mwajabu alijitazama kwenye kioo. Hakulia. Alisema, "Atakayenirudishia uso wangu, mtoto wangu wa kwanza jina atampa yeye." Sote tulisikia, na nadhiri haina mchezo.

Saumu alimpeleka kwanza Dar, kliniki ya vioo vitupu, yenye viti vyeupe na maji ya bure. Wakataja matibabu ya mwanga, mara sita, kwa bei ya kiwanja. Saumu akauliza, "Mbona hata hamjamgusa?" Wakaleta karatasi nyingine ya bei. Akamshika mdogo wake mkono wakatoka. Hospitali ya serikali ikawagusa bure, ila dawa zilinunuliwa nje, mwezi baada ya mwezi. Saumu akauza cherehani, ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Sasa anashonea watu vifungo kwa mkono.

Daktari Namsifu hakuwa na mwanga wowote ila wa dirishani. Kila Jumatano aliupapasa ule uso, akipunguza dawa hii, akiongeza ile. "Jua usilione, kioo usikione. Mengine niachie mimi." Alipopandishwa cheo na kupangiwa wilaya nyingine, aliomba abaki mpaka mgonjwa wake apone. Cheo akapewa mwenzake. Ilichukua miezi kumi na minne.

Uso ukarudi, laini, na rangi yake ya kuzaliwa. Hatibu alikuwa amengoja. Wakaoana, wakapata binti.

Siku ya saba tulikusanyika kwa akika. Maalimu alishika wembe wa kumnyoa mtoto nywele, akauliza, "Jina?"

"Nisingezuia singo, wangetibu nini?" akasema Bi Mize.

"Na bila cherehani yangu angetibiwa kwa maji ya bomba?" akasema Saumu.

Daktari alitazama mkeka. "Mimi hulipwa mshahara," akasema. Kisha, polepole, "Lakini sina mtoto. Ningependa kumpa mtu jina."

Mwajabu akamwinua mtoto, akamlaza shavu kwa shavu. Akakaa hivyo mpaka mimi nikashindwa kuvumilia.

"Ni laini, eh?"

"Sijui, dada. Tangu ule mkorogo, hapa pana ganzi. Namwona tu."

Daktari akamfinya Mwajabu shavu. Hakupepesa hata jicho.

"Kila Jumatano nilikuuliza kama unasikia vidole vyangu!"

"Nikasema ndiyo. Mlikuwa mmechoka wote."

Mimi nilikuwa nimeshika chetezo cha ubani, na mkono ulioshika chetezo ndio ulioukoroga ule mkorogo. Nilingoja nisikie uchungu. Sikusikia kitu.

Basi jibu mlilolificha lileteni. Mmoja alitoa heshima yake, mmoja riziki yake, mmoja cheo chake. Uso ambao watu wote wanauona mzima, lakini mwenyewe hasikii shavu la mwanawe juu yake, umerudi au haujarudi? Na kama umerudi, umerudishwa na nani? Maalimu ameshika wembe, mtoto ameanza kulia, na bado hana jina.

Wewe uliyeinamisha kichwa hapa kitini, ungeamua vipi?