Kofia ya Mfungua Maji

Hadithi hii aliisimulia kwanza Nakijwa mwenyewe, wajukuu wake wakipukuchua mahindi, mwaka uliofuata ule wa nzige. Inasimuliwa hapa kama ilivyopokewa.

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yapo?

Yapo, yanangoja!

Zamani hizo, katika kijiji cha milimani, alikuwapo mjane aitwaye Nakijwa. Yeye ndiye aliyefagia kanisa. Kila Jumamosi, chwa, chwa, chwa! Akafagia. Akapangusa mabenchi. Akatandika kitambaa cheupe juu ya madhabahu.

Alipokuwa msichana, hata kuitazama madhabahu ile aliogopa. Siku ya kipaimara magoti yaligongana, go-go-go! Alijua Mungu yupo pale pale, karibu kama mtu anayepumua.

Basi, Jumamosi moja alitoka shambani na kikapu cha maharage kichwani, akapitiliza kanisani. Akafagia, chwa, chwa, chwa. Akapangusa. Alipogeuka kukitafuta kikapu, akakiona. Kiko juu ya madhabahu! Ni yeye aliyekiweka, na udongo umechafua kitambaa.

Akakishusha. Akangoja moyo umwende mbio. Haukwenda.

Hapo ndipo alipolia.

Kesho kutwa yake, alfajiri, akamwendea Mzee Kirumbe. Mzee huyu alikuwa mfungua maji wa ndiva, bwawa dogo la kijiji, na watu walisema hakuna amchaye Mungu kama yeye. Akamkuta kwenye ukingo wa bwawa. Wenye zamu ya maji wamekusanyika, majembe begani. Mzee amevua kofia, ameishika kifuani, kimya.

"Babu, vuta kizibo!" kijana mmoja akasema. "Maji hayana masikio."

"Sisemi na maji."

"Unasema na nani basi, vyura?"

Wakacheka.

"Nasema na aliyewaumba vyura," akajibu, "na nyinyi mnaopiga kelele kuwashinda."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka kijana. Mzee akasimama vile vile mpaka alipotosheka. Ndipo akavuta kizibo. Bwaa! Bubu-bubu-bubu! Maji yakashika mfereji, na watu wakayafuata.

Nakijwa akasogea.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo si zamu yako."

"Sikufuata maji." Akamweleza habari ya kikapu, bila kuficha. "Nimeizoea nyumba ya Mungu kama jiko langu. Kuchafua kitambaa si kitu, nimekifua. Ila sikuogopa, Babu! Nataka nitetemeke tena kama zamani. Wewe unafanyaje?"

Mzee akayatazama maji.

"Mimi leo sikutetemeka," akasema.

Nakijwa akashtuka. "Na kofia umevua?"

"Nimevua. Siku nyingi nasimama hapa, ninachosikia ni baridi tu. Zamani, nikiwa kijana, Mungu alipita. Hapa hapa. Mikono ilinilegea, nikashindwa hata kuvuta kizibo, watu wakanivutia. Tangu siku ile namtamani."

"Hajarudi?"

"Bado. Lakini akipita tena, mwanangu, anikute kichwa wazi."

Nakijwa akarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata aliacha kikapu nje na ndala mlangoni. Akaingia. Kabla ya kushika ufagio, akasimama mbele ya madhabahu, kimya. Akasimama. Akasimama. Kisha, chwa, chwa, chwa.

Akafanya hivyo mpaka uzeeni. Wajukuu walipomwuliza, "Bibi, ule mtetemeko ulirudi?" aliacha mahindi mapajani, akatazama mlangoni kama anayesikia hatua za mtu.

"Bado nasimama," akasema.

Nanyi mliosikia, kumcha Mungu hakungoji moyo uguswe kwanza. Anayemtamani na asimame, amngoje.

Hadithi yangu inatua hapa. Mzee Kirumbe alikwishalala, na Nakijwa pia. Aliye hai ni mjukuu wake mkubwa, Namsifu, aliyeisikia hadithi hii kwake.