Mgeni wa Don Evaristo

Ukame ulipozidi katika kijiji kimoja cha Meksiko, tajiri Don Evaristo aliichukua sanamu ya mtakatifu wa mvua kanisani, akaifungia nyumbani kwake.

"Mwaka huu mvua ni ya mashamba yangu tu!"

Bibi Tiburcia, mpika chapati za mahindi, akaenda kumpongeza.

"Kule kanisani alikuwa analala na popo, maskini. Ila mila za kukaa na mtakatifu unazijua, bwana mkubwa?"

"Nani asiyezijua?"

"Na utazifuata?"

"Zote! Naapa mbele yake!"

Tiburcia akafungua mlango. Kijiji kizima kikaingia na sahani.

"Anayekaa naye," akasema, "huwalisha waumini wake mpaka mvua inyeshe."

Siku ya tatu Don Evaristo alionekana akikimbilia kanisani, mtakatifu mgongoni.

"Taratibu, bwana mkubwa!" Tiburcia akamwita, paja la bata mzinga mkononi. "Kahawa bado hatujanywa!"