Mtumishi wa Shaba na Zumaradi Binti Sultani

Zama zile babu wa babu zetu hawajazaliwa, katika mji wa Kaukabani alitawala Sultani Numani bin Shadhili, naye alikuwa na binti mmoja, Zumaradi, ambaye homa iliyomchukua mamake ilimwachia yeye miguu isiyosimama. Sultani akamwamuru jini Barkuti, aliyefungwa kwa ahadi ya kumtumikia, na jini akamfulia binti mtumishi wa shaba, mwenye nguvu za kung'oa lango na mkono mwepesi usiowahi kuvunja hata kikombe.

Lakini mwendo wake ulitisha. Alikuwa mlangoni, na kufumba na kufumbua yu kitandani. Akigeuka, hugeuka ghafla kama upanga. Wajakazi wakamkimbia, na Zumaradi, alipobebwa naye mara ya kwanza, alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Nitaamuru ayeyushwe," akasema Sultani.

"Baba yangu na bwana wangu, hakuniumiza," akajibu Zumaradi. "Niliogopa kwa kuwa sikujua atafanya nini. Niachie nikae naye."

Maana alimkumbuka mamake, jinsi alivyokuwa akiingia chumbani taratibu, na nguo zake zikinong'ona sakafuni, na macho yakitangulia mkono, na mkono ukingoja hewani mpaka mtoto ausogelee mwenyewe. Hayo ndiyo aliyomfundisha mtumishi wa shaba, huku moyo ukimwuma kwa utamu wa siku zilizopita.

"Tazama kwanza unapotaka kushika," akamwambia. "Kisha nyoosha mkono, usubiri."

"Nisubiri nini, Bibi?"

"Unisubiri mimi."

Masika ya mwaka ule mto ukafurika, na watu wa mtaa wa chini wakapanda madarini wakilia. Zumaradi akamtuma mtumishi wake. Walipoona shaba ikija majini wakarudi nyuma, hata wengine wakataka kujitosa. Naye akasimama, maji yakimpiga kifuani, akamtazama mama mmoja, akanyoosha mikono miwili iliyo wazi, akangoja. Yule mama akamwangalia kitambo, kisha akampa mtoto wake mchanga. Basi wote wakabebwa, wala hakupotea mtu.

Miongoni mwao alikuwamo Ghalibu, mwana wa mfalme wa nchi jirani, aliyekuwa mgeni mjini. Akauliza, "Nani aliyeifundisha shaba adabu hii?" Alipoambiwa, akaenda barazani kwa Sultani kuposa, na Zumaradi, baada ya kuzungumza naye, akaridhia.

Siku ya arusi mtumishi wa shaba alimbeba bibi arusi ukumbini, hatua kwa hatua, na Sultani akageuza uso akalia, kwa kuwa aliutambua mwendo wa mkewe.

Wakaishi kwa neema na wana wema. Nasi tuliosimuliwa tumeshika hili: mwenye nguvu huogopwa, bali huaminiwa yule ajaye kwa namna inayomwachia mwenzake nafasi ya kukubali.