Kwa Nini Tumbo Limefichwa Ndani

Sogeeni karibu, na mwenye kiu anywe sasa, maana kisa hiki nikishakianza sipendi kukatizwa. Nimekisimulia miaka mingi, na bado kila nikifika pale penye udongo moyo hunienda mbio. Ni kisa cha tumbo. Msicheke. Ninyi mnaojua kulijaza tu, leo mtajua ni nani wanaokaa humo.

Zamani hizo, milima ya Upare ikiwa bado mipya, mtu hakuwa na tumbo ndani. Alikuwa nalo nje, mfuko laini uliofungwa kiunoni kwa kamba, na aliweza kuufungua na kuutoa kama mtu anavyovua mkoba. Kila siku ya saba wanawake waliteremka mtoni na matumbo ya nyumba nzima. Waliyageuza ndani nje, wakayasugua kwa mchanga na majani ya msasa, wakayaanika juu ya mawe. Mashindano yalikuwa hapo. Tumbo lililong'aa kuliko mengine lilisifiwa mpaka sokoni, na aliyelisugua alitembea kifua mbele wiki nzima.

Lakini sikilizeni ajabu yake. Watu hao wenye matumbo safi walikula tangu alfajiri hadi jua kuzama, na bado walikuwa wembamba. Chakula kiliingia kikatoka, kwa sababu ndani mlikuwa na utelezi mtupu, hamna cha kukishika. Hawakujua kuwa kuna namna nyingine ya kuishi, kwa hiyo hawakulalamika. Walilima sana, wakala sana, basi.

Katika kijiji kimoja aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Nakijwa, fundi wa kukandika kuta za nyumba kwa udongo. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne, jina lake Mbonea. Mtoto alinyonya vizuri, lakini kila wiki alipobebwa alikuwa mwepesi kuliko wiki iliyopita. Mama mkwe wa Nakijwa, Nanzia, alikuwa ndiye bingwa wa kule mtoni, na dawa yake ilikuwa moja tu: tumbo la mtoto halijasuguliwa vya kutosha. Basi likasuguliwa. Mtoto akazidi kukonda, likasuguliwa tena. Ikafika mahali Nakijwa akaogopa kumbeba mwanawe, asije akajua kwa mikono yake jambo ambalo hakutaka kulijua.

Siku moja alikuwa akiosha vyombo, akachukua kibuyu cha mtindi, akatia mchanga ili akisugue. Nanzia alikuja mbio akamnyang'anya. Alimgombeza kwamba kibuyu cha maziwa hakisuguliwi hivyo. Huachiwa mabaki kidogo ya mtindi wa jana, la sivyo maziwa mapya yataoza badala ya kuganda. Nakijwa aliomba radhi, lakini neno lile lilimkaa kichwani. Ikiwa kibuyu huachiwa kitu ili kifanye kazi yake, kwa nini tumbo la mwanawe liachwe tupu? Nawaambia, nikifikiri kwamba ni yule yule bingwa wa kusugua aliyelisema jambo hilo kwa kinywa chake, nataka kupiga makofi mpaka leo.

Siku ya mtoni ilipofika, Nakijwa alisingizia kuumwa mguu, akabaki nyumbani na mtoto. Alifungua tumbo la Mbonea, akadondosha matone matatu ya mtindi, akalifunga. Ndani ya matone yale walikuwamo wadogo. Ni viumbe wasioonekana kwa macho, wengi kuliko mchanga wa mto, na hawakuwahi kupata nyumba kubwa kiasi kile. Walishangilia, wakazunguka pande zote wakitafuta chakula, na walipokosa wakaanza kuutafuna ukuta wenyewe. Kabla jua halijafika utosini, Mbonea alikuwa anachemka homa na kuharisha.

Mama mwingine angekimbilia msasa. Nakijwa naye, sitaki kumsifia bure, alikwisha kuushika. Ila kabla ya kusugua aliuinamia ule mfuko na kuwauliza kwa hasira waliomo ndani walikuwa wanataka nini kwa mwanawe. Wadogo wakajibu kwa sauti moja, nyembamba.

"Hatuna ugomvi na mtoto, mama. Umetukaribisha katika nyumba isiyo na mkeka wala chungu mekoni. Ulitaka tule nini?"

Nakijwa aliona haya. Katika milima ile, kumwita mgeni bila kumtengea pa kukaa na cha kula kulikuwa aibu isiyosahaulika. Aliuweka msasa chini, akawaomba wasiendelee kutafuna mpaka wanawake watakaporudi kutoka mtoni. Alijua kuwa Nanzia akiiona hali ya mtoto hatangoja maelezo, atalisugua lile tumbo, na safari hii mtoto hatastahimili. Wadogo wakakubali kungoja.

Sasa ndipo penye udongo. Nakijwa alikimbia kwenye kichuguu, akachimba udongo mwekundu, akaukanda kwa maji ya vuguvugu, na akaanza kukandika ndani ya tumbo la mwanawe kama alivyokandika nyumba za watu. Ila hakulainisha. Kwa ncha za vidole aliuvuta udongo ukawa vilima vidogo vidogo na mabonde katikati yake, maelfu kwa maelfu, ili chakula kikipita kishikwe kila mahali na kunyonywa. Kisha akachemsha mlenda, akaumwaga juu ya vilima vyote. Ute ukatanda. Akawaambia wadogo kwamba huo ndio mkeka wao, wakae juu yake na wasiuvuke kuugusa ukuta.

Juu ya chakula walipatana haraka. Mtoto akishakua, pumba za nafaka na nyuzi za mboga, vyote ambavyo tumbo la mtu haliwezi kuvisaga, vitakuwa vyao, na wakishakula watautengea udongo wa ukuta fungu lake. Lakini Mbonea alikuwa bado ananyonya, pumba angezitoa wapi? Nakijwa akaahidi kutia katika maziwa yake mwenyewe aina ya sukari ambayo mtoto hataweza kuitumia, iwe chakula cha wadogo peke yao.

Udongo nao ukasema. Ulisema hauwezi kudumu miaka, maana chakula kitaukwaruza kila siku. Udongo mpya utazaliwa mabondeni, utapanda kilima polepole, na siku ya nne au ya tano ukifika kileleni utaanguka na kwenda zake, mwingine ushike nafasi. Nakijwa alikuwa amezoea kukandika upya mara moja kwa mwaka, baada ya masika. Aliposikia habari ya siku nne alikaa kitako. Akauliza kama udongo hautaona uchungu.

"Tutaona," ukamjibu. "Lakini mtoto atakua."

Likabaki sharti moja la wadogo, nalo ndilo lililomchoma. Hawakutaka kusuguliwa tena maisha yao yote. Tumbo lifungiwe ndani ya mwili, ngozi ipite juu yake, na yeyote asilifungue, hata mama mwenyewe. Mpaka siku ile mama aliweza kufungua tumbo la mwanawe na kuona kwa macho kama limepona au la. Nakijwa alisitasita hapo kuliko mahali pengine popote. Kisha alisikia wanawake wanapanda njia ya mto, sauti ya Nanzia ikiwa mbele. Akaliingiza tumbo ndani, akavuta ngozi juu, akafunga.

Nanzia aliingia, akamwona mtoto hana mfuko kiunoni, na matumbo yote aliyobeba yakamdondoka. Hakugomba. Mwanamke yule mwenye maneno mengi alikaa chini na kuanza kulia.

"Umelificha tumbo la mjukuu wangu," alisema. "Sasa nitajuaje kama ni mzima?"

"Sijui, mama," Nakijwa alisema. "Lete mkono."

Akauchukua mkono wa mama mkwe wake, mkono uliochakaa kwa mchanga wa miaka mingi, akauweka juu ya tumbo la Mbonea. Homa ilikuwa inashuka. Chini ya kiganja kitu kikanguruma kidogo, kama watu wanaohamia nyumba mpya. Mtoto akatafuta ziwa, akanyonya, akasinzia. Wiki iliyofuata Nanzia alimbeba, ikambidi aketi kwa uzito wake, na kabla mwaka haujaisha kijiji kizima kilikuwa kimepanga foleni kwa Nakijwa kukandikwa.

Na tangu siku hiyo tumbo liko ndani. Lina vilima vyake na ute wake, na ukuta wake hufa na kuzaliwa kila baada ya siku chache bila kutuomba ruhusa. Maziwa ya mama yana fungu ambalo si la mtoto. Na tangu siku hiyo hakuna mama anayeweza kumfungua mwanawe aone. Ndiyo maana mtoto akilia, kabla ya dawa na kabla ya swali lolote, mama humwekea kiganja tumboni, akanyamaza, akawangoja wenye nyumba wamjibu.